Kuoga mwenyewe: niliyojifunza bafuni tangu nianze kutembelea magongo

Siku niliyoanguka bafuni nilikuwa hata sijajimwagia kopo moja. Ndo kwanza nimeingia, nimefunga komeo, nageuka nitundike kanga kwenye msumari, gongo la kulia likatembea. Nilichosikia ni chuma kinakwaruza sementi, krrrr, afu niko chini, mgongo umeegemea mlango. Na mlango wa lile bafu ulikuwa unafungukia ndani.

Sa vuta picha. Mi na kilo zangu 78 nimekaa nyuma ya mlango, miguu haina nguvu ya kunisogeza, komeo liko juu silifikii, nje wapangaji wamejaa na ndoo zao maana ilikuwa saa 12 asubuhi muda wa foleni, kila mtu anasukuma kwa nia njema na kila wakisukuma lile bati la mlango linabonyea linanigonga kiuno kilekile kilichovunjika. Nawaambia jamani acheni, hakuna anayesikia. Aliyeniokoa ni mtoto wa darasa la tatu wa jirani yangu wa chumba cha mwisho. Lile bafu halina paa, mama yake akanirushia kanga kwanza juu ya ukuta (Mungu ambariki yule mama, alikumbuka hilo kabla ya kitu kingine chochote), nikajifunika, ndo mtoto akapandishwa, akarukia ndani, akanivuta miguu kidogo kidogo mpaka nikageuka ubavu, mlango ukapata nafasi. Kaliambia lile kundi la watu wazima nje, "sasa ingieni taratibu, dada ameumia." Miaka tisa kale katoto.

Hiyo ilikuwa Machi 2018. Ajali yenyewe ya bodaboda, Barabara ya Kilwa, ni Oktoba 2017. Pingili ya kiuno ilipasuka, mguu wa kushoto ukabaki na nguvu nusu, wa kulia kuanzia goti kushuka chini sisikii kitu, si moto si baridi si mwiba. Natembelea magongo mawili ya kwapani, safari ndefu nakaa kwenye kiti cha magurudumu. Kazi yangu ni cherehani, ile ya kukanyaga ikabidi niiuze ninunue ya mota, lakini hiyo ni hadithi nyingine, leo nataka kuongelea kuoga tu maana naona wengi wanaotoka hospitali wanafundishwa kugeuka kitandani, kupanda kiti, kushuka kiti, kisha wanarudishwa kwenye nyumba ya kupanga yenye bafu la uani na ndoo, na hapo ndo kila mtu anajijua mwenyewe.

Mwanzoni nilikuwa naogeshwa na mama. Alikuja kutoka Muheza akakaa na mimi miezi minne. Beseni, kitambaa, kitandani, baadaye kwenye kiti. Kuna jirani alizoea kupita asubuhi anauliza, "Ameshaoshwa mgonjwa?" Siku moja mama akamjibu bila hata kunyanyua uso, "Anaogeshwa. Wa kuoshwa ni maiti, mwanangu yupo." Tukacheka wote, ila mi lile neno lilikuwa linanichoma siku zote nilikuwa sisemi tu. Kwa hiyo mama alivyorudi Muheza kuwahi masika ya kulima, nilikataa kata kata mtu mwingine kuniogesha. Wifi yangu aliomba, nikamwambia naweza. Sikuwa naweza. Nilikuwa naona aibu, na aibu ndo ilinisimamisha kwenye sakafu ya niru yenye mapovu ya watu sita waliotangulia, na magongo ambayo sijawahi hata kuyapindua kuangalia chini yake.

Baada ya kuanguka ndo nikayapindua. Ule mpira wa chini ulikuwa umelika upande mmoja mpaka ukingo wa chuma unachungulia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ule mpira unaisha kama soli ya kiatu. Siku hizi kila Jumapili naupindua nautazama, ile mistari ikishafutika tu nanunua mwingine, na nikikosa nakata mpira wa tairi la gari nafunga kwa waya, unasaidia nyumbani ila bafuni siuamini. Na mpira mzuri pia ukilowa na sabuni unateleza, hilo nitalirudia.

Nilipoenda kliniki, kaka mmoja wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia naoga, nimesimama, si mmesema nifanye mazoezi ya kusimama? Alinyamaza kidogo akasema, "Dada, mazoezi fanya ukiwa mkavu. Ukishalowa, kaa." Basi. Nimesikia maelezo mengi miaka hii lakini hilo ndo nalifuata kila siku. Sikai kwa sababu nimeshindwa kusimama, nakaa kwa sababu mikono miwili inayoshika magongo ndo hiyohiyo inatakiwa ishike kopo na sabuni, na mtu ana mikono miwili tu.

Kukaa sasa, unakaa wapi? Kigoda hapana, kiko chini sana, kushuka utashuka ila kunyanyuka itabidi uite watu. Nilianza na kiti cha plastiki cha kawaida chenye mikono, cha sherehe kile. Wiki ya pili miguu ya nyuma ikaanza kutanuka kwenye maji, nikahisi kiti kinaniachia taratibu kama mtu anafungua mkasi. Hakikuvunjika ila sikungoja. Nikapachika viwili, kimoja juu ya kingine, vinakuwa kama kimoja kizito na havitanuki ovyo. Kaeni mkijua kwenye tailizi hata viwili vinateleza, mi nina sakafu ya kukwaruza ndo maana vinakaa.

Halafu nikaona nitoboe tundu katikati nipate kujisafisha chini bila kujiinua. Wazo zuri, nikapasha kisu kwenye jiko la mkaa nikakata. Kosa ni kwamba sikusugua ukingo. Ile plastiki iliyoyeyuka ikikauka inakuwa na meno kama msumeno, wewe mwenye ngozi inayosikia utaruka, mi upande wangu wa kulia wa nyuma nao hausikii vizuri, nikakaa pale siku nne tano najimwagia maji na kuimba. Wifi ndo aliona damu kwenye kanga. Kile kidonda kilikuwa kidogo kama sarafu na kilinichukua miezi mitatu kufunga, maana mtu wa kukaa muda wote kidonda chake kiko palepale anapokalia. Tundu bado ninalo, lakini nimelisugua kwa msasa mpaka laini kisha nimezungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Na kila usiku kabla ya kulala nachukua kioo cha kipochi najikagua nyuma, makalio, visigino, na nachunguza wekundu usioondoka hata nikiacha kupakalia. Mwanzo nilikuwa najicheka, saivi ni kama kupiga mswaki.

Maji ya moto nayo. Watu wa Dar tunajisifu hatuogi maji ya moto, lakini kipupwe cha mwezi wa saba alfajiri, mwili wenye chuma ndani unauma, ukiwashiwa maji utakataa? Ilikuwa 2019, nimekaa zangu, nimetumbukiza mguu wa kulia kwenye beseni nijisugue na mkono uko kwenye ndoo nyingine ya baridi. Mguu hausikii. Nilijua kuna tatizo nilipoona ngozi ya juu ya kidole gumba imevimba lengelenge kubwa kama jicho la ng'ombe. Hakuna maumivu, ndo ubaya wake. Nesi aliyenifunga aliniambia maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu kwa sekunde chache tu, na hayo hata hayajachemka, yale yanayochemka kwenye sufuria yako juu zaidi. Tangu hapo kwetu ni sheria: baridi inatangulia kwenye ndoo, ya moto inafuata, anayechanganya haondoki mpaka mi nimetumbukiza kiwiko. Siyo vidole, vidole vya mshona nguo vimeshazoea pasi. Kiwiko.

Hapo katikati nilipigana vita ya bomba la kushikilia na mama mwenye nyumba.

Nilimfuata nikamwambia shikamoo mama, naomba niweke chuma cha kushikilia bafuni na nigeuze mlango ufungukie nje. Mlango alikubali upesi, naona lile tukio lilimtisha. Bomba alikataa. "Utanibomolea ukuta mwanangu, na ukihama utaniachia matundu." Nikasema gharama yangu. Akasema wapangaji wengine watalalamika. Nani alalamike? Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, niliisoma siku moja nikiwa na hasira, ila inazungumzia zaidi kufika kwenye majengo na huduma za umma, bafu la uani Tandika ni wewe na mwenye nyumba na hali ya hewa ya siku hiyo. Nikamshonea dera la Idi bure. Akakubali.

Fundi wa kuchomelea ni kijana mzuri ila mbishi. Kwanza alileta bomba la inchi mbili, nene, anasema ndo imara. Nikamwambia shika, akashika, nikamwambia paka sabuni mkononi ushike tena. Vidole havikutani, mkono unazunguka tu. Akarudi na la inchi moja, lile bomba la chuma jeupe la maji lisiloshika kutu haraka, hiyo inchi moja wanapima ndani, kwa nje linakuja kama milimita 33, vidole vinazunguka vinakutana na dole gumba. Hilo ndo. Na msidanganyike na chuma cha kawaida cha kupaka rangi, sisi huku tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, chuma kikikwanguka rangi mara moja miezi sita baadaye unashika magamba ya kutu.

Ubishi wa pili, kufunga. Alitaka kutoboa na drili aweke fisha, zile plastiki za kushikia skrubu ukutani, na skrubu nne. Fisha za kutundikia kioo! Mtu akianguka akadaka lile bomba anavuta kwa uzito wake wote mara moja, sio kama kutundika taulo. Nikakataa. Akachimba ukuta, akachomelea mikia kwenye miisho ya bomba, akaingiza ndani, akajaza zege. Tukaliacha wiki nzima bila kuguswa, kila jioni namwagia maji lisipasuke. Siku ya nane nikamwita shemeji yangu mwenye kilo 95 nikamwambia ning'inia. Akaning'inia na kucheza cheza, halikutoka hata vumbi. Ndo nikalipa ile nusu iliyobaki.

Ubishi wa tatu, urefu. Fundi ni mrefu, akapima kwa bega lake. Nikaletewa kiti changu, nikakaa, nikanyoosha mkono bila kujitutumua, tukaweka alama. Kwangu ilikuja sentimita 85 kutoka sakafuni, la kulala, ubavuni mwa kiti. La pili limesimama wima karibu na mlango, la kudaka wakati wa kugeuka. Wewe yako itakuwa nyingine, kaa upime, usikubali macho ya fundi. Na kabla hujapata bomba nakuomba usishike koki ya maji wala msumari wa nguo, koki yetu ilishang'oka na mtu mzima mwenye miguu yake miwili.

Sakafu tuliitindua ile niru, fundi akamwaga sementi mpya akaipiga fagio la chelewa ikiwa mbichi, ikatoka mistari mistari. Wapangaji wakasema inaumiza miguu. Inaumiza kweli kidogo. Kila Jumamosi inasuguliwa kwa jiki maana ile mistari inakusanya utelezi wa kijani, na maji ya chumvi sabuni haitoi povu vizuri kwa hiyo watu wanajipaka nyingi zaidi, ile isiyotoa povu inabaki chini kama mafuta. Niliwaomba kila anayetoka amwage kopo mbili za kusuuza. Wanne wanakumbuka, wawili hawakumbuki, namtuma mtoto asuuze kabla sijaingia nisijilaumu.

Mnaotandika viroba chini eti visaidie, viondoeni. Kiroba juu ya maji ni kama ganda la ndizi.

Mambo mengine ni madogo madogo lakini ndo yanayonifanya nioge peke yangu mpaka leo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, siinui wala sisogezi, najaziwa nusu na inakaa juu ya tofali mbili ili nisiiname, maana kuinama ukiwa umekaa kichwa kinatangulia mwili unafuata. Sabuni iko ndani ya wavu wa vitunguu nimeufunga kwenye bomba, ikiniponyoka inaning'inia hapohapo, zamani nilikuwa naifuata chini kama naokota shilingi. Dodoki nimelifunga kwenye kijiti chenye urefu wa mkono mmoja, linafika vidole vya miguu. Miguuni kandambili hapana, mguu usiosikia kandambili inatoka yenyewe hujui umeiacha wapi, navaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Shingoni nina filimbi ya refa. Simu nilijaribu, ikalowa, ikafa. Filimbi haiishi chaji, na pale uani wanajua, moja nataka maji, mbili njooni.

Magongo sitegemeshi ukutani, yakidondoka yanalala mbali kama mtu ameyatuma, nimepigilia ndoano mbili karibu na kiti yanatundikwa. Na hapa narudia ule mpira wa gongo unaoteleza ukilowa, maana hatari kubwa kwangu sio wakati wa kuoga. Ukiwa umekaa unaoga una raha zako. Hatari ni zile hatua tatu za kutoka, mwili umelowa, joto la maji limekulegeza, ukisimama ghafla macho yanaona giza, nje mtu anagonga "dada bado?" na wewe unaharakisha. Sasa mimi nina utaratibu na hauvunjwi hata bafu liwe linaungua. Nikimaliza najifuta nikiwa palepale kwenye kiti, mikono kwanza, kwapa vizuri maana kwapa lililolowa linateleza kwenye gongo, halafu miguu na katikati ya vidole. Nachukua kitambaa kikavu nafuta mpira wa gongo moja, nafuta wa pili. Navaa dera nikiwa nimekaa, chupi na mengine navalia chumbani kitandani, sijawahi kuelewa kwa nini nilikuwa nang'ang'ania kusimama kwa mguu mmoja nivae chupi bafuni. Nahesabu mpaka 20 kimoyomoyo. Ndo nashika bomba, nanyanyuka, nasimama kidogo nione kama dunia imetulia, natoka.

Akigonga mtu namjibu "bado nahesabu." Wamezoea.

Lingine, nilibadili muda. Nilikuwa naogea kwenye foleni ya saa 12 kama watu wa ofisini wakati mi ofisi yangu iko barazani. Saivi naoga saa 4 asubuhi uwanja mtupu, na tena jioni kabla ya magharibi kama joto limezidi. Siku nikiwa na homa au nimelala vibaya siendi kabisa, najifuta kwa kitambaa chumbani na wala sioni aibu, na wifi ananisugua mgongo mara moja kwa wiki, Ijumaa, tunapiga umbea. Nilimkatalia mwaka mzima kwa kitu ambacho kumbe kinapendeza.

Mwaka jana mama mwenye nyumba goti lilianza kumsumbua. Daktari kamwambia ni kusagika, apunguze uzito, anatembelea bakora. Mwanzo aliendelea kuoga kwenye bafu lake la ndani lenye tailizi za kung'aa, siku moja nikasikia kishindo na "mama yangu weee," alikuwa ameteleza akadaka sinki, sinki likapasuka. Hakuumia sana. Kesho yake saa 4 natoka na ndoo yangu nakuta bafu la uani limefungwa. Nikasubiri. Nasikia maji, nasikia kikohozi, nasikia kiti changu cha plastiki kinalia. Alivyotoka amejifunga kanga mbili, bakora mkono mmoja, akanitazama akasema, "Mwanangu, lile bomba langu la huku mkono wa kulia liko chini kidogo, mwite yule fundi aongeze lingine."

Bomba langu, anasema. Nimemwita fundi. Tumekubaliana atalipa yeye, na saa 4 ni ya kwangu, yeye anaingia saa 5.